Kima punju, vidaka vya nazi na vichaka vya maweni: majibu kwa wasomaji

Toleo lililopita tulichapa picha ya jike la kima punju, yule mbega mwekundu wa Unguja, akiwa na mtoto aliyemshikilia tumboni, ameketi juu ya mwembe kando ya barabara ya msitu wa Jozani, tukawaomba wasomaji waulize wanachotaka kujua juu ya mnyama huyu. Barua zilizokuja ni nyingi na nimezisoma zote. Mimi nimefanya kazi ya misitu kusini mwa Unguja mpaka nikastaafu, na shamba la kwetu limepakana na msitu, kwa hivyo mengi ya yanayoulizwa nimeishi nayo. Hizi saba nimeziona zinabeba na za wenzao.

Assalaam alaykum. Nina minazi yangu hapa Pete. Asubuhi likija kundi la kima punju, chini ya minazi kunajaa vidaka, zile nazi changa kabisa, vilivyotafunwa nusu. Nimeshapiga madebe, nimeshatupa mawe, wanarudi. Jirani yangu ananiambia nitie sumu nipumzike. Unanishauri nini? — Mkulima, Pete

Waalaykum salaam, ndugu yangu. La kwanza, sumu usitie. Kima punju amelindwa kwa sheria, na anayemuua ana kesi ya kujibu. Na sumu uliyoitia shambani haimchagui anayeila: kuku wa jirani atadonoa, mtoto atakayeokota kidaka atie mdomoni naye yumo.

Sasa tuzungumze juu ya vidaka, maana hapo ndipo penye uchungu wako, na uchungu huo naujua. Mtu akiamka akakuta nazi yake ya kesho imelala chini ina alama za meno, haambiliki. Lakini hebu tuuangalie mnazi wenyewe. Upunga mmoja, yaani shada moja la maua ya mnazi, unatoa vidaka vingi kuliko vile mnazi unavyoweza kuvilea mpaka vikawa kitale, dafu, koroma na nazi. Vingi huanguka wenyewe hata pasipokuwa na mnyama wala mdudu. Mnazi hujipunguzia mzigo.

Katika miaka ya 1990 watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walilifuatilia jambo hili katika mashamba ya jirani na Jozani, kwa sababu malalamiko kama yako yalikuwa kila siku mezani. Walihesabu vidaka vilivyoliwa na kima, kisha wakalinganisha na nazi zilizoanguliwa na mkwezi. Matokeo waliyachapisha mwaka 1999. Pale kima walipokula vidaka zaidi, mavuno ya mwisho hayakupungua. Yalionekana hata kuongezeka kidogo. Maelezo waliyotoa ni kwamba kima anapunguza vidaka kama mkulima anavyopunguza miche iliyosongamana, na vile vinavyobaki vinapata nguvu ya kukomaa.

Sikuombi uniamini mimi wala wao kwa maneno matupu. Chagua minazi michache ambayo kima wanaipenda, na michache ya umri uleule wasikofika, utie alama ya chokaa. Kila mkwezi akipanda, andika daftarini idadi ya nazi za kila mnazi. Ukifanya hivyo mwaka mzima utakuwa na jibu la shamba lako mwenyewe.

Na ukiwa hapo chini ya mnazi, okota vile vidaka uvitazame vizuri. Kilichotafunwa na kima kina alama za meno, na mara nyingi kimeng'ofolewa upande wa kikonyo. Ukikuta kidaka kizima hakina jino, lakini kina makovu na utomvu uliogandana, huyo ni mdudu mdogo anayefyonza vidaka, na Unguja tumemjua kwa miaka mingi. Dawa yake wazee waliiona kabla ya wataalamu kuiandika: minazi yenye majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, mdudu huyo hastawi humo. Kwa hivyo majimoto msiwachome moto. Ukikuta makuti machanga yamekatwa kama kwa mkasi, huyo ni chonga, yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, naye anazaliana katika magogo yaliyooza yaliyoachwa shambani. Nimeona mashamba mengi ambayo chonga na uzee wa minazi vimeyamaliza, na lawama yote akabebeshwa kima kwa kuwa yeye anaonekana mchana.

Jambo moja zaidi. Mahindi, ndizi na mihogo mara nyingi ni kazi ya kima wa kawaida, yule wa kijivu. Punju tumbo lake halitaki vitu vitamu vilivyoiva. Mtazame mwizi wako vizuri kabla hujamtaja.

Na kama hasara ipo kweli, ipeleke mahali pake. Tangu miaka ya 1990 sehemu ya fedha wanazolipa watalii Jozani hurudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu na kwa wakulima ambao kima wanakula mashambani mwao. Nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yako, na kwa kamati ya uhifadhi ya shehia hiyo, na lile daftari mkononi. Mkulima mwenye daftari husikilizwa kuliko mwenye ghadhabu.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kwetu Usambara kuna mbega weusi wenye manyoya marefu meupe. Je, kima punju ni mbega? Na kwa nini huku kwetu hayupo? — Mwanafunzi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ni wa ukoo wa mbega, ila wa tawi la mbega wekundu. Mgongo wake ni mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, na usoni ana nywele nyeupe zilizosimama pande zote, na midomo na pua ya rangi ya waridi. Mikono yake haina kidole gumba cha maana, ni kinundu kidogo tu cha nyama, na hata hivyo anaruka kutoka tawi hadi tawi bila ya kukosea.

Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, na humo vijidudu huchachusha majani mpaka yakawa chakula. Ndiyo maana anakula majani machanga, machipukizi, maua na matunda mabichi. Ndizi mbivu ikichacha humo ndani inaweza kumdhuru. Ukija Unguja ukamwona mtu anamrushia tunda, mweleze.

Duniani kote, asili yake ni kisiwa cha Unguja peke yake. Wataalamu wanaamini babu zake walikuwa na wa bara kitu kimoja, kisha bahari ilipopanda na kukitenga kisiwa wakabaki huku na kuwa jamii yao wenyewe. Ndugu zake wa karibu unaweza kuwaona katika milima ya Udzungwa, na wengine wako Kenya katika misitu ya kando ya Mto Tana, na hao wa Tana hali yao ni mbaya sana. Jina lake la kisayansi, *Piliocolobus kirkii*, linatokana na John Kirk, daktari aliyesafiri na Livingstone kisha akawa balozi wa Uingereza hapa Zanzibar. Vielelezo alivyovipeleka London ndivyo vilivyotumika kumwandika mnyama huyu mwaka 1868.

Mimi naishi Kitogani. Kuna kima jike anakuja jikoni kwangu nyuma ya nyumba, anachukua kipande cha kaa lililozimika, anakaa juu ya mti wa mkungu analitafuna. Bibi yangu alikuwa akisema mnyama huyu ana uchawi, mti anaokaa hufa, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Niogope? — Mama wa watoto watatu, Kitogani

Usiogope, dada yangu. Huyo anatafuta dawa.

Majani ya mkungu na ya mwembe yana protini nyingi, na kima punju wa mashambani wanayategemea sana. Lakini yana pia kemikali kali zinazozuia chakula kusagika na zinazoweza kumsumbua tumboni. Makaa huzinasa kemikali hizo, zikatoka pamoja nayo. Hata hospitalini mtu aliyekunywa sumu huweza kupewa makaa yaliyotayarishwa maalumu kwa sababu hiyohiyo. Struhsaker na wenzake waliliandika jambo hili mwaka 1997 baada ya kuwafuatilia kima wa hapa Jozani. Wanayatoa kwenye matanuu ya zamani, kwenye visiki vilivyoungua, na kama ulivyoona, jikoni kwa watu. Wa ndani ya msitu mkubwa, ambao hawaishi kwa miembe na mikungu, hawana tabia hiyo. Watoto wanajifunza kwa mama zao: ukimtazama huyo jike wako akiwa na mtoto, utaona mtoto ananyoosha mkono kudokoa kile kilichomo mdomoni mwa mama.

Maneno ya bibi yako tumeyasikia sote tuliozaliwa huku. La mbwa sijapata kuliona kwa macho. La mti lina asili yake: pale kundi kubwa linapobanwa mahali padogo, miti michache inayopendwa hutafunwa machipukizi kila siku, na mti usioachiwa kupumua hudhoofika, na pengine hufa. Wazee waliona mti umekufa, wakamwona aliyekuwa juu yake. Kwa nini kundi kubwa libanwe mahali padogo, hilo nitalieleza kwa msomaji wa Muscat hapo chini.

Kaa lililozimika mwache achukue. Ila moto wenyewe ufunike, na watoto wasimlishe kwa mkono wala kumvuta mkia. Maradhi ya mafua na kifua yanapita baina yetu na wao.

Naendesha daladala ya Makunduchi. Yale matuta ya Jozani yanatuchosha, abiria wanalalamika, gari inakwisha. Kweli yanasaidia chochote? — Dereva

Yanasaidia. Kabla ya matuta, watafiti walikadiria kwamba kima punju mmoja aligongwa pale kila baada ya wiki mbili au tatu. Matuta yalipowekwa, ikawa mmoja kila wiki sita hivi. Barabara ile imepita katikati ya maisha yao: upande mmoja msitu wanakolala, upande wa pili mashamba wanakokula. Wanavuka kila siku, na wanavuka kwa mkururo. Akishapita mkubwa, punguza zaidi, maana nyuma yake wapo wengine, na wa mwisho mara nyingi ni mama mwenye mtoto. Jike huzaa mtoto mmoja tu, na humlea muda mrefu kabla ya kupata mwengine. Mkigonga mama, mmeondoa miaka.

Wewe unapita pale mara nyingi kuliko gari za watalii. Ukienda taratibu wewe, wale walio nyuma yako hawana budi.

Mimi ni mzaliwa wa Mlandege, ninaishi Muscat tangu utoto. Mwaka huu niliwaleta watoto Jozani. Tuliwaona kima punju chungu nzima, wamekaa njiani, hawaogopi, mmoja alipita baina ya miguu ya mwanangu. Nikarudi nikasoma kwamba wako hatarini kutoweka. Hatari gani hii, na wamejaa vile? — Msomaji, Muscat

Nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu ndilo swali ambalo kila mgeni wa Jozani angeliuliza na wachache huliuliza.

Kundi mlilokutana nalo ni moja ya makundi machache yanayoishi pale langoni na katika mashamba ya ng'ambo ya barabara. Wamezoea watu kwa miaka mingi. Pale kima punju wamesongamana kuliko karibu popote, na msongamano huo wenyewe ni dalili ya ugonjwa. Siex, yule niliyemtaja, aliuchunguza kwa miaka kadhaa akaona kwamba misitu ya pembezoni ilivyozidi kukatwa, wanyama waliokosa pa kukaa walikuwa wakisukumwa kuelekea Jozani. Mtalii anahesabu vichwa hamsini akafurahi. Mimi nikiviona vichwa hivyo najiuliza vimetoka wapi, na huko vilikotoka kumebaki nini.

Hesabu kubwa ya kisiwa kizima ilifanywa na wataalamu wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society wakiongozwa na Tim Davenport, na ikachapishwa mwaka 2019. Walipita misitu, vichaka na mikandaa (mikoko) yote ya Unguja. Wakakadiria wako 5,862, zaidi ya mara tatu ya yale yaliyokuwa yakidhaniwa. Wengi walishangilia, na mimi nilifurahi pia. Lakini ripoti ile ina nusu ya pili ambayo haikushangiliwa. Makundi yaliyo nje ya hifadhi ni madogo. Watoto wanaofika kukua ni wachache mno kuweza kujaza nafasi za wanaokufa. Na iko misitu ambayo zamani walikuwemo, na safari hii hawakukutwa kabisa.

Jumlisha na hili: Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Ndani yake sehemu ya msitu mkubwa wa majimaji, ule wenye mitondoo na michikichi ambao mlipitishwa, ni ndogo sana. Sehemu kubwa iliyobaki ni mikandaa na vichaka vya maweni, yaani vya ardhi ya mawe ya matumbawe. Mnyama ambaye dunia nzima hana kwengine, anategemea eneo ambalo mtu mzima analivuka kwa miguu kabla ya adhuhuri, na vipande vya nje ambavyo havina mlinzi.

Wengine wanaishi mahali ambapo mtu hangewadhania. Kwenye mikandaa ya Uzi, kusini, mtafiti Katarzyna Nowak aliwakuta wanakula majani ya mikandaa na kunywa maji mara nyingi, jambo ambalo kwa mbega si la kawaida, kwa kuwa wengi hupata maji ya kutosha ndani ya majani. Wamekimbilia huko kwa sababu mikandaa haijengwi nyumba. Kukimbilia chumvini si dalili ya mnyama aliye na nafasi.

Kuhusu mwanao: kilichotokea si kosa lake, lakini mkija tena, kima akiwakaribia, rudini nyuma nyinyi. Acheni nafasi ya mita saba au zaidi, na muongoza wageni akiwaambia sogeeni mpige picha, mkatalieni. Mgeni akikataa, muongozaji hujifunza upesi.

Shikamoo mzee. Baba yetu alituachia konde la maweni huku Muyuni. Hakulimwi kitu cha maana, ni mawe na vichaka. Kuna watu wanataka kununua wajenge nyumba za kupangisha wageni. Ndugu zangu wanasema tuuze, hakuna chochote humo. Mimi niliwahi kuona kima punju humo asubuhi, na paa. Nikisema tusiuze nitaonekana mjinga. Nisaidie. — Kijana, Muyuni

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeiweka karibu na mwisho kwa sababu nilitaka nafasi ya kutosha.

Neno "hakuna chochote" nimelisikia tangu kijana, na juu ya ardhi ileile ambayo mama zetu walipata kuni, dawa, ukindu na kamba. Maweni yana udongo wa kujaza viganja, umekaa kwenye mashimo ya mawe. Mama yangu alilima huko mtama na muhogo misimu miwili, mitatu, kisha akahama akaliacha konde lirudi msituni kwa miaka mingi. Aliporudi alikuta mashina ya kukata, majani yaliyooza yamejaza yale mashimo, na ndege. Mpango ule ulikwenda kwa sababu watu walikuwa wachache na ardhi ilipata mapumziko. Leo mapumziko hayapo. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Sote tunapika, na wengi wetu tunapikia kuni na makaa. Sote tunajenga, na chokaa yetu huchomwa kwa magogo. Konde linakatwa kabla halijakomaa, halafu linakatwa tena, mpaka linabaki jiwe na majani ya kuumiza mguu. Tukifika hapo ndipo tunaposema hakuna chochote, na tunalitoa.

Humo mwako, kwa ulivyoeleza, bado kipo kitu. Huyo paa, kama ni mdogo, mwekundu, ana kishungi cha nywele kati ya pembe na waa jeupe matakoni, ni paa nunga, ambaye duniani hapatikani ila Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya. Na kima punju uliyemwona si mpita njia. Anaingia humo kwa sababu anaweza kutoka kwenye kichaka chako kwenda cha jirani bila ya kushuka chini. Akilazimika kushuka, mbwa wanamkamata na gari zinamgonga. Ukikatwa mkanda mmoja katikati, kundi la upande wa pili linabaki peke yake, linaoana lenyewe kwa lenyewe, na siku likipata maradhi hakuna wa kuja kujaza nafasi. Hivi ndivyo misitu midogo inavyobaki mitupu, na hakuna aliyemuua hata mmoja kwa mkono wake.

Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimefika pahala nasema waziwazi: tumeilinda Jozani vizuri kuliko tulivyolinda chochote, na haitoshi. Kama maweni ya Muyuni, Kizimkazi, Uzi na Kiwengwa yatakwisha, Jozani itabaki bustani ya kuonyesha wanyama, nayo itapungua mwaka hadi mwaka.

Sasa la kwako. Sikwambii ukae na njaa juu ya ardhi. Kwanza, zungumza na ndugu zako kabla ya mnunuzi hajarudi, na uwaulize wanataka fedha za nini. Ikiwa ni ada ya shule au matibabu, huenda kipande kinatosha. Nimeona familia zimeuza konde zima kwa haja ya kipande, na fedha zikaisha kabla ya msimu. Pili, nendeni kwa sheha mkaulize haki yenu juu ya ardhi hiyo imeandikwaje. Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, tunachomiliki ni haki ya kuitumia, na watu wengi wamepokea fedha kwa karatasi isiyokuwa na nguvu, wakaishia mahakamani. Tatu, ulizeni kama shehia yenu ina makubaliano ya msitu wa jamii na Idara ya Misitu. Tangu mradi wa HIMA, wa kuhifadhi misitu ya jamii, ulioanza mwaka 2010, shehia kadhaa zimeandikiana mipaka ya pahala pa kukata na pasipokatwa, na wenyewe ndio walinzi. Konde lenu likiwa linapakana na msitu huo, mna pa kuanzia mazungumzo.

Na kama mtauza au mtajenga wenyewe, jenga pahala pa nyumba, usisafishe kiwanja kizima. Mikuyu, mikungu na miti mikubwa yote muiache. Acheni ukanda wa miti mirefu wenye upana wa kutosha kwenye mpaka, ukutane na wa jirani. Ukuta usiwe mrefu wa kuzunguka pande zote. Ua wa miti ya asili unatosha. Yaandikeni hayo katika mkataba wa mauzo, kwa maneno yanayoeleweka, mbele ya sheha. Mgeni anayekuja kusini mwa Unguja anatoka kwao kuja kuona bahari na kima huyu. Mnunuzi mwenye akili hilo analijua, na asiyelijua mwambie wewe.

Ujinga hauko kwako. Umeona kilichomo katika ardhi ya baba yako, na wenzako hawajakiona. Wachukue alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, mkae kimya chini ya mti mkubwa kuliko yote humo. Mazungumzo ya kuuza yafanyeni baada ya hapo.

Nimesikia kima punju yuko na Pemba. Ni kweli? — Msomaji, Wete

Ni kweli, lakini hakuwa wa asili huko. Katika miaka ya 1970 wachache walichukuliwa Unguja wakaachiwa katika msitu wa Ngezi, na kizazi chao kidogo bado kimo. Tumbili mnao nyinyi, Unguja hatuna. Ukienda Ngezi mtafute juu kwenye miti mirefu, asubuhi, na usimchanganye na tumbili: tumbili ana uso mweusi na hushuka chini mara kwa mara, punju ana nywele nyeupe kuzunguka uso na mgongo mwekundu. Ukimwona, waarifu walinzi wa msitu siku na mahali ulipomwona. Wanahitaji taarifa hizo.